Nilikata Kucha Zangu, Fundi Saa Akapoteza Vidole

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako, na naomba uisome barua hii mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu ni mbaya, shule niliishia njiani na tangu hapo kazi yangu ya kuandika imekuwa ni kubandika vikaratasi kwenye droo, na hapa naandika mbiombio kwa sababu mtoto amelala na akiamka kalamu ndiyo kitu cha kwanza atakachokitaka.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa miezi saba, wa kike, ana meno mawili ya chini. Nauza kwenye duka la wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, chumba chembamba ndani ya jengo la maduka ya vifaa vya umeme, ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Tunauza sigara za umeme na vipuri vyake. Najua wapo watakaosema mama anayenyonyesha anauzaje vitu hivyo, lakini mchagua jembe si mkulima, mume wangu alikuwa amesimamishwa kiwandani, mimi nina mimba ya miezi sita, na kila nilikopita walitazama tumbo kabla ya kunitazama uso. Wifi peke yake ndiye aliyesema njoo. Na mtoto alipozaliwa akasema njoo naye, akanitengenezea kitanda cha boksi chini ya kaunta. Hilo sijalisahau na sitalisahau.

Kazi yenyewe mwanzoni niliiona kama uchawi. Sigara ya umeme ni vitu viwili tu, chini betri na juu atomaiza, sisi dukani tunaita kichwa, ndicho chenye waya mdogo unaopata moto na pamba inayokunywa maji ya ladha mpaka mvuke utoke. Shida yote iko shingoni, pale viwili vinapoungana, maana shingo hazifanani. Kuna tunayoiita tano-kumi, hiyo ndiyo iliyojaa, kichwa kina hesi kwa nje, ile mizunguko ya skrubu, kinaingia ndani ya betri. Kuna nane-sufuri-nane, ya zamani, hiyo ni kinyume, betri ndiyo inayoingia kwenye kichwa, wifi alikuwa akiwaambia wateja, "Hapa mwanamke ndiye kaoa," wanaume wanacheka na kununua. Kuna ya shingo nene yenye hesi ndani na nje, inapokea karibu kila kichwa kinachokuja, kama mama mkwe mwenye roho nzuri, akipatikana. Na vichwa navyo viko vya namna zake, vya tangi unavyobadilisha waya tu, vya pamba vya kutumia ukatupa, na vya kudondoshea, unavua kofia unadondosha matone juu ya pamba, hivyo ndivyo wanavyovipenda wanaotaka mvuke mzito. Mshauri, vyote hivyo nilijifunza kwa vidole. Mtu akija na kichwa bila betri au betri bila kichwa nilimlinganishia hata bila kutazama, nikiwa nimempakata mtoto, mpaka maduka ya jirani wakawa wananiletea wateja na kuniita Daktari wa Shingo. Nilijiona na mimi mtu.

Sasa, betri nyingi za siku hizi zina akili ndani, ukikosea kufunga zinawaka taa nyekundu na kujizima. Lakini kuna tunaloita bomba tupu, ni chuma na betri basi, halina akili yoyote, na kuna aina ambayo hata shingoni haina kizuizi, kichwa kinakaa juu ya betri chuma kwa chuma. Kwa bomba hilo lazima kichwa kiwe na kitovu, yaani ile pini ya katikati huku chini ichomoze, kama kitovu cha mtoto aliyezaliwa jana, ili igusane na betri yenyewe peke yake. Pini ikilala sawa na ukingo, ukingo nao unagusa, inapiga shoti, na hakuna wa kuizima. Wifi alinifundisha siku ya kwanza: pitisha ukucha. Ukucha ukikwama, kichwa hicho kinafaa bomba tupu. Ukucha ukiteleza, kirudishe droo ya betri zenye akili. Tangu siku hiyo nilipitisha ukucha wa gumba langu na sikuwahi kukosea.

Jioni moja namwogesha mtoto nikaona mkwaruzo shavuni, chini ya jicho kabisa. Ulikuwa ukucha wangu. Mshauri, nililia kama niliyempiga. Nikachukua mkasi nikakata kucha zote kumi mpaka kwenye nyama.

Kesho yake akaja fundi saa. Huyu ana meza yake mlangoni mwa jengo letu, anakaa na kioo jichoni tangu wengine hatujazaliwa, na anavuta sigara za kawaida mpaka kidole kimegeuka rangi. Akaniambia, "Daktari, niachishe moshi huu. Binti yangu anajifungua mwezi ujao, kaniambia, baba, ukinuka hivyo mjukuu humshiki." Nikamwambia, "Mjukuu utamshika, baba, mpaka akukojolee." Akacheka sana. Bomba alikuwa nalo, bomba tupu la aina ile isiyo na kizuizi, alipewa na shemeji yake, na betri alikuwa ameinunua kwa Mzee Tochi, mzee wa mwisho wa korido anayeuza tochi na betri juu ya meza. Alitaka kichwa tu. Nikafungua pakiti mpya ya vichwa vya kudondoshea, vitano. Mtoto analia, nikapitisha gumba. Naapa nilipitisha. Lakini ukucha haukuwepo, ilipita nyama, na nyama ikahisi kitu kidogo kama kipele, nikasema kipo, nikamfungia kwa mkono wangu mwenyewe. Akavuta mara mbili palepale, akakohoa, akasema, "Inakuna koo kama yenyewe kabisa," akaenda zake.

Wanasema alipofika mezani aliona kichwa kinacheza akakikaza zaidi. Ilikuwa mchana. Nilisikia kishindo nikadhani tairi limepasuka, kisha nikasikia watu wanakimbia kuja ndani badala ya kwenda nje. Sigara ilikuwa mdomoni mwake ilipopasuka. Meno matatu ya mbele yameng'oka, mdomo wa juu umechanika, na mkono wa kulia, gumba na vidole viwili vinavyofuata, madaktari walivikata siku ya tatu. Hivyo ndivyo vidole vya kushikia kile kikoleo chake cha saa.

Kucha zangu zilipoanza kuota niliitoa ile pakiti. Vilikuwa vimebaki viwili. Nikapitisha ukucha, ukateleza kwenye vyote viwili kama kwenye kioo. Vingine viwili nilishaviuza wiki ileile, kimoja kwa dada wa saluni ya juu, huyo nadhani betri yake ni ya akili, na kingine kwa mlinzi wa lango la nyuma, yake siikumbuki vizuri, lakini sijasikia lolote, kwa hiyo namshukuru Mungu. Mlinzi mwenyewe siku hizi simwoni, labda wamembadilishia zamu.

Nilimwambia wifi. Alikuwa anapanga chupa, hakugeuka. Akasema, "Kucha? Utaenda mbele ya watu useme mtu amepoteza vidole kwa sababu ya kucha?" Nikamwambia, "Wifi, ndivyo ilivyokuwa." Akasema, "Ilivyokuwa ni kwamba betri ilikuwa mbovu. Betri ndiyo iliyopasuka, kichwa hakipasuki. Muulize yeyote." Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nimekulea wewe na mtoto wako. Usinifungie mlango huu." Nilipomwambia mume wangu naye akasema maji yakimwagika hayazoleki, akageukia ukutani.

Basi habari ya betri mbovu ikaenea jengo zima. Ndugu za fundi saa walikuja wakaipindua meza ya Mzee Tochi, wakamkanyagia tochi zake moja moja. Ameitwa polisi mara mbili. Watu wanaopita pale wanavuta watoto wao upande wa pili wa korido. Na juzi, mshauri, alikuja dukani. Alisimama nje, hakuingia, akasema, "Binti, wewe unavijua vitu hivi kuliko sisi wote. Niambie kweli, betri zangu ni mbovu?" Nilikuwa nanyonyesha. Nikainamisha uso kwa mtoto nikasema, "Sijui, baba." Akatikisa kichwa. Akasema, "Nimezitupa zote, hata zile mpya. Nisije nikaua mtu."

Hospitali nilikwenda mara moja, na wifi. Fundi saa hawezi kusema kwa ajili ya mdomo. Aliponiona nalia akaomba karatasi, akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kubwa zinapanda na kushuka kama za mtoto: USILIE. SI WEWE. Karatasi hiyo ninayo, nimeiweka kwenye kadi ya kliniki ya mtoto. Mjukuu amezaliwa, ni wa kiume.

Mshauri, mimi si mtu mbaya. Nafikiri labda nikimsaidia kimyakimya, niwe namfulia, namlisha mpaka apone, na Mzee Tochi polisi wakimwachia kwa kukosa ushahidi, basi kila mtu atabaki na chake na mtoto wangu atakuwa na pa kulala mchana. Bado nina tumaini ipo njia ya namna hiyo. Niambie kama ipo. Amekwisha kuamka.

Ni mimi, Mama wa Meno Mawili

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Meno Mawili, marahaba. Njia hiyo haipo, na nadhani ulilijua hilo kabla hujaanza kuandika, ndiyo maana ukaandika mbiombio.

Kwanza nikupe lako. Mama aliyekata kucha asimkwaruze mtoto hana la kuombea radhi hapo. Ulikosea, ndiyo, na kosa hilo limemkata mtu vidole, lakini ulilifanya ukiwa na mtoto analia miguuni, kwa kipimo ulichofundishwa na mwenye duka. Nililia na mimi kidogo niliposoma habari ya karatasi. Hapo nikafuta machozi, maana nilikumbuka ulichosema kwa Mzee Tochi.

"Sijui, baba." Mwanangu! Mzee wa watu amesimama nje ya mlango wako, amepinduliwa meza, anakuuliza wewe na si mwingine kwa sababu anakuamini, na wewe unajificha nyuma ya ziwa? Gumba lako lilikosea bila wewe kutaka. Ulimi wako ulijua kabisa unachofanya. Huyo mzee sasa anajiona muuaji, ametupa bidhaa zake kwa kosa lako, na wewe unangoja polisi wamwachie kwa kukosa ushahidi. Ushahidi unao wewe, kwenye droo, vichwa viwili.

Na ile karatasi itoe kwenye kadi ya mtoto. Msamaha wa mtu asiyejua anasamehe nini ni nguo ya kuazima, hutaivaa ukapata joto. Fundi saa akishajua, ama ataiandika tena ama hataiandika. Hilo ni lake, na hutalinunua kwa kumfulia shuka.

Lakini bado sijafika kwenye jambo lililonikosesha raha. Umeniandikia kurasa sita, binti yangu. Umenieleza shingo nene na shingo nyembamba, kichwa cha tangi na cha pamba, mpaka mimi nisiyewahi kushika kitu hicho nikaelewa. Kisha katikati, kwa mistari mitatu, ukapitisha kwamba vichwa viwili vya pakiti ileile viko midomoni mwa watu. Mmoja betri yake "unadhani". Mwingine "huikumbuki vizuri". Na siku hizi humwoni. Ukamaliza kwa kumshukuru Mungu! Unamshukuru kwa kutosikia habari za mtu ambaye hukwenda kumwuliza hali?

Nilimpelekea barua yako fundi umeme ninayemwamini. Alisoma akasema, "Huyu binti kazi anaijua, aliyemfundisha ndiye hajui." Anasema ukucha si kipimo, uwe mrefu au mfupi. Pini ile imeshikiliwa na kipira laini, ikipata joto na mtu akikaza inarudi ndani. Kichwa kilichokwamisha ukucha asubuhi kinaweza kupiga shoti jioni. Bomba lisilo na kizuizi shingoni, anasema, yeye asingemuuzia hata adui yake. Umenisikia? Kwa hiyo si pakiti moja tu. Ni kila kichwa ulichokipitisha kwa ukucha tangu uanze kazi ukamfungia mtu kwenye bomba la namna hiyo.

Basi fanya hivi, na anza leo. Panda saluni juu, mwambie dada yule afungue kichwa, atoe betri, akuonyeshe. Kisha nenda lango la nyuma. Hayupo? Uliza wenzake, uliza ofisi yao, uliza anakoishi, ufike mlangoni. Usitume ujumbe kwa mtu. Ukirudi bandika karatasi mlangoni mwa duka, wewe si ndiye mbandikaji vikaratasi, uandike kwa herufi kubwa: aliyenunua hapa kichwa cha bomba tupu asitumie, arudishe. Wifi akiibandua, simama wewe mlangoni uwe karatasi.

Vile vichwa viwili na pakiti yake vifunge, usimpe wifi. Kabla ya kwenda polisi tafuta mtu wa msaada wa sheria, wapo wanaosaidia wanawake bila malipo, kaa naye, mweleze kama ulivyonieleza mimi, bila kupunguza kucha wala kuongeza machozi, kisha muende pamoja mkamtoe yule mzee kwenye jambo lisilo lake. Kwa Mzee Tochi mwenyewe nenda kabla ya hapo, peke yako. Mwambie, "Baba, betri zako zilikuwa nzima." Maneno hayo tu yanatosha kwa siku ya kwanza. Kwa fundi saa nenda akishaweza kusema, ili asikujibu kwa karatasi.

Wifi yako alikupokea wakati wa shida, na hilo ni deni la heshima. Lakini heshima hailipwi kwa mdomo wa mtu mwingine uliochanika. Huenda akakufukuza. Huenda mumeo akaendelea kuutazama ukuta. Siwezi kukuahidi kwamba utabaki na kazi, wala kwamba sheria itakutazama kwa huruma. Ninachojua ni kwamba hicho kitanda cha boksi hakina thamani ya kumwumiza mtu wa pili. Na kabla sijasahau, maji yale ya ladha ni sumu kwa mtoto mchanga. Osha mikono kabla ya kumnyonyesha, na hapo chini ya kaunta mwondoe.

Hukuweka namba ya simu. Ungeiweka nisingengoja gazeti lichapwe, ningekupigia barua ikiwa bado wazi mkononi. Kwa hiyo yaliyobaki siyaandiki kwako.

Ni kwako wewe mlinzi. Uliwahi kulinda lango la nyuma la jengo la vifaa vya umeme, ukanunua kichwa cha sigara ya umeme kwa binti mwenye mtoto mchanga. Kama gazeti hili limekufikia, au kuna mtu anakusomea, kiondoe mdomoni. Fungua, toa betri, iweke mbali na wewe na mbali na watoto. Usimalize kusoma kwanza.